John Strachey: Waziri wa mgawo wa mkate aliyeitafutia Uingereza mafuta ya kula Kusini mwa Tanganyika

MJADALA kuhusu nani anastahili kusaidiwa na Serikali, asaidiwe kwa kiasi gani na mzigo wa msaada huo ubebwe na nani, haukuzaliwa Tanzania, wala haukuanza na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulioanzishwa mwaka 2000. Ni mjadala mkongwe ambao katika nchi zilizotangulia kwa viwanda uliwahi kuzigawa familia, kuvunja vyama vya siasa na hata kuangusha serikali. Ni wanasiasa wachache walioupitia katika kona zake zote kama Mwingereza John Strachey, ambaye uamuzi alioutangaza katika Bunge la London Novemba 25, 1946 ulibadili sura ya Kusini mwa Tanganyika, kuanzia hori la Lindi hadi misitu ya Nachingwea.

Kwa wakazi wa Mtama, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Lindi kwenda Masasi, jina la Strachey si la kutamkwa kila siku. Kinachofahamika zaidi ni Mradi wa Karanga na reli iliyojengwa kwa ajili yake, ikaambaa na bonde la Mto Lukuledi na kutoweka kabla ya watoto wa enzi hizo kufikia umri wa kulipa kodi. Hata hivyo, nyuma ya reli hiyo alikuwapo mtu aliyeanza maisha yake ya siasa akiwatetea watu wasio na kazi, na aliyefika katika ardhi ya Kusini, kwa uamuzi kama si kwa miguu, akitafuta namna ya kuwalisha wananchi wake.

Mtoto wa ukoo wa watawala

Evelyn John St Loe Strachey alizaliwa Oktoba 21, 1901 huko Guildford, kusini mwa Uingereza, katika ukoo uliozoea madaraka. Ndugu wawili wa babu yake, Sir John na Sir Richard Strachey, walikuwa miongoni mwa maofisa wakubwa wa utawala wa Waingereza nchini India. Sir Richard ndiye aliyeongoza tume iliyochunguza njaa kubwa iliyoikumba nchi hiyo kati ya mwaka 1876 na 1878. Kutokana na kazi ya tume hiyo, zilitungwa kanuni za kukabiliana na njaa zilizowagawa waathirika katika makundi mawili. Wenye nguvu walipewa kazi za umma kwa ujira, wakati wazee, wagonjwa na wasiojiweza walipewa msaada bila kudaiwa jasho.

Mgawanyo huo haujapitwa na wakati. Mpango wa kunusuru kaya maskini ulioanzishwa na TASAF mwaka 2012 uliunganisha ruzuku ya fedha na ajira za muda katika kazi za jamii, kama vile kuchimba malambo na kutengeneza barabara za vijijini. Swali lililowasumbua watawala wa India ndilo lililoulizwa katika mikutano ya vijiji vya Lindi wakati wa kuorodhesha kaya hizo: yupi maskini wa kweli, na yupi mwenye nguvu aliyejificha katika kivuli cha maskini?

Baba yake Strachey, John St Loe Strachey, alikuwa mhariri na mmiliki wa jarida la Spectator, lililosomwa sana na matajiri na watu wa tabaka la kati. Mhariri huyo aliamini kwamba msaada wa Serikali huwadhoofisha watu na kuua moyo wa kuweka akiba. Kwa sababu hiyo alisimama kidete kupinga sheria ya mwaka 1908 iliyoanzisha pensheni ya uzeeni kwa maskini waliofikisha umri wa miaka 70, ingawa kiwango chake cha juu kilikuwa shilingi tano tu kwa wiki. Umri huo huo wa miaka 70 ndio uliokuja kutumiwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipoanza kulipa Pensheni Jamii mwaka 2016, ikiwa ni zaidi ya karne moja baadaye.

Katika nyumba yenye mawazo hayo, kijana John alilelewa kwa raha. Alisoma katika shule ya Eton, kisha akajiunga na Chuo cha Magdalen cha Oxford, ambako maradhi yalimkatiza kabla ya kupata shahada. Aliandika kwa muda katika jarida la baba yake. Lakini mwaka 1923 alifanya jambo ambalo wengi wa ukoo wake hawakulitarajia: alijiunga na Chama cha Labour, chama cha wafanyakazi, na baadaye akawa mhariri wa gazeti la wachimba migodi.

Mtetezi wa wasio na kazi

Jaribio lake la kwanza la kuingia bungeni, mwaka 1924, lilishindikana. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu kilichotokana na mawazo yaliyokuwa yakijadiliwa katika tawi la Labour la Birmingham, ambalo kiongozi wake mashuhuri alikuwa Oswald Mosley. Hoja yao kuu ilikuwa kwamba umaskini wa wafanyakazi haukutokana na uhaba wa bidhaa bali na uhaba wa fedha mifukoni mwao. Kwa maoni yao, Serikali ilipaswa kutumia benki kuongeza uwezo wa wananchi kununua, ili viwanda vipate soko na watu wapate kazi.

Mwaka 1929, Strachey alichaguliwa kuwa mbunge wa Aston, Birmingham, na chama chake kikaunda Serikali chini ya Ramsay MacDonald. Miezi michache baadaye soko la hisa la New York lilianguka na uchumi wa dunia ukaingia katika mdororo mkubwa. Idadi ya Waingereza wasio na ajira, ambayo tayari ilizidi milioni moja, ilivuka milioni mbili kabla ya mwaka 1930 kumalizika.

Mosley, ambaye alikuwa waziri na ambaye Strachey alikuwa msaidizi wake bungeni, alipeleka mapendekezo serikalini mwanzoni mwa mwaka 1930. Alitaka kazi za umma zianzishwe kwa wingi, wafanyakazi wazee walipwe pensheni mapema ili wawapishe vijana, na watoto wabaki shuleni muda mrefu zaidi. Waziri wa Fedha, Philip Snowden, aliyeamini kuwa bajeti iliyosawazishwa ndiyo msingi wa heshima ya nchi, aliyakataa. Mosley akajiuzulu, na Strachey akaiacha nafasi yake pamoja naye.

Kilichofuata kilithibitisha uzito wa mgogoro huo. Agosti 1931, baraza la mawaziri la MacDonald lilisambaratika likibishania iwapo posho ya wasio na kazi ipunguzwe kwa asilimia 10 ili kuwaridhisha wakopeshaji. Makato yalipitishwa na serikali ya mseto iliyofuata. Kwa hiyo, zaidi ya miaka 50 kabla ya nchi za Afrika kuambiwa na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) zipunguze ruzuku na matumizi ya huduma za jamii, nchi iliyokuwa kitovu cha himaya kubwa kuliko zote ilikwishaonja dawa hiyo na kuona uchungu wake.

Wakati huo Strachey alikuwa amemfuata Mosley katika chama kipya, lakini alikaa humo miezi michache tu. Alipoona kiongozi huyo anaelekea kwenye siasa za mabavu, alijitoa Julai 1931. Hakukosea, kwani mwaka uliofuata Mosley alianzisha chama cha kifashisti. Strachey mwenyewe alipoteza kiti chake katika uchaguzi wa mwaka 1931 na akageukia upande mwingine kabisa, upande wa Wakomunisti, ingawa hakuwa mwanachama rasmi wa chama chao.

Kwa miaka minane iliyofuata alikuwa mwandishi wa Kimarx aliyesomwa kuliko wengi katika lugha ya Kiingereza. Kitabu chake cha mwaka 1932 kuhusu mapambano ya kuwania madaraka kilimpa umaarufu hadi Marekani, ambako mwaka 1935 alikamatwa akiwa katika ziara ya mihadhara kwa tuhuma za kuhimiza kupinduliwa kwa serikali. Mwaka 1936, akishirikiana na mchapishaji Victor Gollancz na msomi Harold Laski, alianzisha klabu ya vitabu vya mrengo wa kushoto iliyofikisha wanachama zaidi ya 50,000.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilimbadili tena. Mwaka 1940 aliachana na Wakomunisti, akidai kwamba msimamo wao kuhusu vita ulimsaidia Hitler. Mwaka huo huo aliandika kitabu kilichokubali kuwa ubepari ungeweza kurekebishwa kwa njia za amani, kupitia kodi, mikopo nafuu, pensheni na matumizi ya Serikali. Alikuwa amerudi karibu na mahali alipoanzia mwaka 1925.

Waziri aliyegawa mkate kwa kadi

Katika uchaguzi wa mwaka 1945, Labour ilipata ushindi mkubwa chini ya Clement Attlee na Strachey akarejea bungeni akiwa mbunge wa Dundee, Scotland. Serikali hiyo ndiyo iliyojenga mfumo wa ustawi wa jamii ambao hadi leo hutajwa kama kielelezo. Sheria ya bima ya taifa ilipitishwa mwaka 1946, na Julai 5, 1948 huduma ya afya kwa wote ilianza. Watu waliokuwa wakichagua kati ya daktari na chakula hawakulazimika tena kufanya hivyo.

Lakini kila kitu kilikuwa na bei. Uingereza ilitoka vitani ikiwa na madeni makubwa. Msaada wa vita kutoka Marekani ulikatizwa Agosti 1945, na mkopo mpya wa dola bilioni 3.75 ulikuja na masharti magumu. Dola zilikuwa adimu, na sehemu kubwa ya chakula kilichopatikana duniani kiliuzwa kwa dola.

Mei 1946, Attlee alimteua Strachey kuwa Waziri wa Chakula. Miezi miwili baadaye, Julai 21, waziri huyo aliweka mgawo wa mkate kwa kadi, jambo ambalo halikufanyika hata wakati mabomu ya Wajerumani yalipokuwa yakiangukia London. Sababu zilikuwa za kweli: mavuno ya nafaka duniani yalikuwa haba, na Uingereza iliwajibika kuwalisha Wajerumani katika eneo lililokuwa chini ya majeshi yake, huku ikiogopa njaa nyingine India. Hata hivyo, mama wa nyumbani aliyesimama foleni hakuona Ujerumani wala India. Alimwona waziri.

Strachey alitetea mgawo kwa hoja ambayo ni moyo wa kila mjadala wa ustawi wa jamii: kinapokuwa kidogo, ni haki kigawanywe sawa kuliko kuachwa kiende kwa mwenye fedha. Ili bei zisiwashinde wenye kipato kidogo, Serikali ilitoa ruzuku ya chakula iliyofikia mamia ya mamilioni ya pauni kwa mwaka, hadi mwaka 1949 Waziri wa Fedha, Stafford Cripps, alipoiwekea ukomo. Mgawo wa mkate ulidumu hadi Julai 1948. Pipi ziliachwa huru Aprili 1949, zikanunuliwa zote madukani, na miezi minne baadaye zikarudishwa kwenye mgawo.

Upungufu uliouma zaidi ulikuwa wa mafuta. Siagi, siagi bandia, mafuta ya kupikia na hata sabuni vilitegemea mbegu za mafuta kutoka nchi za joto. Hapo ndipo macho ya wizara yake yalipogeukia Afrika Mashariki.

Tanganyika yawekwa kwenye ramani ya jikoni

Wazo lenyewe halikuwa la Strachey. Mwanzoni mwa mwaka 1946, Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa iliyokuwa tawi la Unilever, aliruka kwa ndege juu ya Tanganyika na kuona maelfu ya ekari za pori. Alipendekeza kwa Serikali pori hilo lifyekwe kwa mashine na kupandwa karanga. Ujumbe wa wataalamu watatu, ukiongozwa na John Wakefield aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, uliizunguka nchi kwa takriban wiki tisa na kurudi na ripoti iliyojaa matumaini.

Ripoti hiyo ilizungumzia zaidi ya ekari milioni tatu katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, zikigharimu karibu pauni milioni 25. Sehemu kubwa zaidi ilipangiwa Jimbo la Kusini, ambalo makao yake makuu yalikuwa Lindi. Mavuno yalitarajiwa kufikia tani 600,000 kwa mwaka ifikapo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Serikali ilikubali, na Strachey akalitangazia Bunge.

Kwa waziri huyo, mradi ulikuwa zaidi ya mafuta ya kupikia. Aliamini kuwa ungethibitisha uwezo wa Serikali kupanga uchumi mahali ambapo mtaji binafsi ulisita. Aidha, mpango ulielezwa kuwa ungewanufaisha Waafrika kwa ajira, mafunzo, hospitali na shule, na kwamba siku moja mashamba yangeweza kukabidhiwa kwa ushirika wa wenyeji. Tanganyika ilikuwa inaingia chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Uingereza ilihitaji kuonyesha kwamba inaendeleza nchi hiyo badala ya kuitumia tu.

Jambo moja halikupewa uzito katika hesabu hizo. Ardhi iliyoonekana tupu kutoka angani ilikuwa na historia yake. Vita vya Maji Maji vilivyoanzia katika vilima vya Matumbi, Kilwa, mwaka 1905, pamoja na njaa iliyofuata, viliangamiza watu ambao wanahistoria huwakadiria kufikia 250,000 au zaidi. Miaka kumi baadaye, Vita Kuu ya Kwanza ilipita katika bonde hilo hilo la Lukuledi. Oktoba 1917, katika mapigano ya Mahiwa, karibu na Nyangao, majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalichinjana kwa siku nne, huku wapagazi na chakula cha wanavijiji vikichukuliwa kwa nguvu. Pori lilirudi mahali ambapo watu walipungua, na mbung'o wakafuata pori.

Wala wenyeji hawakuwa wageni wa kilimo. Mtama wenyewe una jina la nafaka iliyowalisha watu wa Kusini kwa vizazi, nafaka inayovumilia jua pale mahindi yanaponyauka. Wakulima wa eneo hilo walijua kuchanganya mazao ili moja likikosa, jingine lisaidie. Walijua pia kwamba mvua ya Kusini haina ratiba. Ujuzi huo ulikuwa hatua chache kutoka barabarani, lakini timu ya wataalamu ilikuwa na wiki tisa tu za kuizunguka nchi nzima.

Reli katika bonde la Lukuledi

Kazi ilianza Kongwa, katika Jimbo la Kati, mwaka 1947, kwa sababu huko kulikuwa karibu na Reli ya Kati. Matrekta yalinunuliwa kutoka mabaki ya vita, na vifaru vya kijeshi viligeuzwa kuwa matrekta. Mizizi ya vichaka ilivunja majembe, na udongo uliokauka ukawa mgumu kama saruji. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikuzidi sana 7,500. Septemba mwaka huo makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma wakidai ujira bora kwa kuwa bei za vyakula zilipanda, na mgomo ukasambaa kwa kufuata njia ya reli. Mradi uliokusudiwa kupunguza makali ya maisha London ulikuta makali ya maisha Tanganyika, na kwa kiasi fulani ukayaongeza.

Machi 1948, Shirika la Chakula la Ng'ambo, lililoundwa kwa sheria na kuongozwa na Leslie Plummer, lilichukua usimamizi kutoka kwa kampuni ya United Africa. Matumaini yalihamia Kusini, ambako mvua ilikuwa nzuri kuliko Kongwa. Tatizo lilikuwa usafiri. Lindi ilikuwa bandari ya maji mafupi, na hapakuwa na reli. Gati la muda likawekwa Mkwaya, ndani ya hori la Lindi, na kutoka hapo reli ikapelekwa bara kwa kufuata bonde la Lukuledi, upande wa Mtama, hadi Nachingwea. Ilifunguliwa mwaka 1949. Wakati huo huo ujenzi wa bandari mpya ya kina kirefu ulikuwa umeanza Mtwara.

Kwa mara ya kwanza vijana wa Lindi walikuwa na chaguo. Kabla ya hapo, ajira ya mshahara ilimaanisha zaidi mashamba ya mkonge ya pwani, na wenye mashamba hayo walilalamika kuwa mradi ungewanyang'anya vibarua na kupandisha ujira. Wengi walijifunza udereva, ufundi wa mashine na ukarani. Faida hiyo ilikuwa ya kweli, ingawa haikuwa ndiyo iliyowaleta wajenzi wa reli.

Mradi waanguka

Mwaka 1949 ukame uliipiga Kongwa, na hesabu za shirika zilipochapishwa ziliacha wazi ukubwa wa hasara. Wajumbe wawili wa bodi, akiwamo Wakefield mwenyewe, waliondolewa. Novemba mwaka huo, wapinzani wa chama cha Conservative walimshambulia Strachey bungeni wakitaka uchunguzi. Serikali ilimlinda kwa wingi wa kura, lakini heshima yake ilikwisha kujeruhiwa. Kwa miezi mingi alikuwa amelihakikishia Bunge kwamba mambo yanakwenda vizuri, wakati taarifa kutoka mashambani zilisema vinginevyo. Penye wengi haliharibiki neno, lakini wengi waliojua ukweli huo walikuwa Kongwa na Nachingwea, si London.

Baada ya uchaguzi wa Februari 1950, Attlee alimhamishia Strachey Wizara ya Vita. Januari 1951, Serikali ilitangaza kuachana na malengo ya awali na kufuta kiasi cha pauni milioni 36. Mashamba yaliyobaki yakageuzwa kuwa ya majaribio, na mwaka 1955 yakakabidhiwa kwa Shirika la Kilimo la Tanganyika. Bandari ya Mtwara na reli ya kuiunganisha vilikamilika mwaka 1954, wakati karanga ambazo zilikuwa sababu ya kujengwa kwake hazipo. Mwaka huo huo mgawo wa chakula ulikoma kabisa Uingereza, bila msaada wowote wa maana kutoka Nachingwea.

Reli ilidumu miaka michache zaidi ikisafirisha mazao na abiria kwa hasara. Ilifungwa mwaka 1962, Tanganyika ikiwa huru kwa miezi michache tu, na vyuma vyake vikang'olewa. Serikali changa haikuwa na uwezo wa kubeba gharama ya ndoto ambayo haikuiota. Ardhi iliyofyekwa Kongwa na Nachingwea ilipata kazi nyingine: katika miaka ya 1960 maeneo hayo yalipokea wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika, na Nachingwea ikawa kambi kubwa ya mafunzo ya FRELIMO.

Miaka ya mwisho

Labour ilipotoka madarakani Oktoba 1951, Strachey alirudi kwenye kalamu. Kitabu chake cha mwaka 1956 kilichambua ubepari wa kisasa na kueleza jinsi kura ya wananchi inavyoweza kuulazimisha kugawa mapato. Mwaka 1959 alichapisha kingine kuhusu mwisho wa himaya. Ndani yake alijenga hoja kwamba maisha mazuri ya Waingereza hayakutegemea kutawala nchi nyingine, na kwamba kiwango cha maisha yao kiliendelea kupanda hata baada ya kuzipoteza India na Burma. Kwa mtu aliyewahi kutafuta siagi ya taifa lake katika ardhi ya watu wengine, hitimisho hilo lilikuwa safari ndefu ya fikra.

Mwanzoni mwa mwaka 1963, kiongozi mpya wa Labour, Harold Wilson, alimkabidhi dhamana ya masuala ya Jumuiya ya Madola katika kambi ya upinzani. Tanganyika ilikuwa sasa mwanachama wa jumuiya hiyo, chini ya Rais Julius Nyerere. Strachey hakupata nafasi ya kuitumia dhamana hiyo akiwa serikalini. Alifariki dunia London Julai 15, 1963, baada ya kufanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo, akiwa na umri wa miaka 61. Mwaka uliofuata chama chake kilirejea madarakani.

Funzo kwa Kusini

Ni rahisi kumhukumu Strachey kwa karanga peke yake, na ndivyo magazeti ya nchini mwake yalivyofanya kwa miaka mingi. Lakini kufanya hivyo ni kuacha nusu ya habari. Mtu huyu alitetea haki ya asiye na kazi kulipwa posho wakati viongozi wa chama chake walipotaka kuikata. Alikubali kuchukiwa ili mkate ugawanywe sawa. Huduma zilizojengwa na serikali aliyoitumikia ziliwatoa mamilioni ya watu katika hofu ya ugonjwa na uzee.

Kosa lake lilikuwa mahali pengine. Alijua vizuri kwamba msaada wa Serikali lazima ulipwe na mtu, na alipambana maisha yake yote kuhakikisha tajiri wa Uingereza analipa sehemu yake. Lakini ilipofika zamu ya mafuta ya kula, ankara ilielekezwa kwa ardhi, mvua na nguvu za watu ambao hawakuwa na mbunge London wa kuwauliza. Hawakushirikishwa katika kupanga, na waliambiwa faida yao ingekuja baadaye.

Swali hilo limerudi Kusini zaidi ya mara moja. Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, ilipoanza kusafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam mwaka 2004, na hasa wananchi wa Mtwara walipoandamana mwaka 2013 kupinga bomba la gesi yao kupelekwa huko huko, hoja iliyosikika haikuwa ya kukataa taifa kunufaika. Ilikuwa hoja ya nani anapanga, nani analipa na nani anapata kwanza. Wananchi wa Kusini walikwisha kuona reli ikija kwa ahadi na kuondoka kwa tangazo.

Ruzuku za pembejeo, fedha za kaya maskini, elimu bila ada na matibabu ya wazee vitaendelea kujadiliwa kila bajeti inaposomwa Dodoma, na ni haki vijadiliwe. Maisha ya John Strachey yanaonyesha kwamba nia njema ya mpangaji si kinga dhidi ya hasara, na kwamba mkulima wa Mtama, anayejua mvua ya kwao inanyesha lini, ana sababu ya kuulizwa kabla trekta la kwanza halijashushwa gatini.